Idi Tatu za Mzee Hemedi

Sogeeni karibu, na kila mmoja alibane jibu lake mdomoni mpaka nimalize. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara hakosekani mtu wa kudakia katikati na kusema ameshajua. Hajajua. Mimi mwenyewe ninayeisimulia sijajua, ndiyo maana sijaacha kuisimulia.

Walikuwapo watu watatu katika msitu mmoja wa miombo, kusini ya Sikonge, msitu ambao ukiuingia na gari asubuhi unaweza kuendesha mpaka njaa ikuume bila kuona paa la nyumba. Kila mmoja wa watu hao alijaliwa kitu chake.

Yasini alijaliwa pua. Alikuwa mlinzi wa geti la misitu, pale magari yanapokaguliwa yasipitishe mbao za magendo. Walinzi wengine hupanda juu ya mizigo na kuchokoachokoa kwa fimbo. Yasini alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma, akasema, "Chini ya hayo magunia ya mpunga kuna mninga, tena umepasuliwa juzi." Madereva walimwita mchawi, lakini walikuwa wakiteremka na kufungua maturubai bila kubisha.

Mzee Kazimoto alijaliwa macho. Yeye alikuwa mfugaji nyuki, mizinga yake imetawanyika ndani kabisa ambako hata njia ya ng'ombe haifiki. Akimwona nyuki mmoja anakunywa maji kwenye kidimbwi, alimfuata kwa macho akipaa, akipita juu ya majani, akigeuka, mpaka kwenye tundu la mti alikotoka. Vijana waliojaribu kufanya hivyo walirudi na shingo zinazouma.

Bi Nyamizi alijaliwa mikono. Kijijini kwake, upande wa pili wa msitu, kulikuja watu wa mradi wakachimba visima na kumfundisha kutengeneza pampu. Mradi ukaondoka, ufundi ukabaki kwake. Alikuwa akishika mpira au chuma, akakibinya kidogo huku anazungumza mambo mengine, na tayari amejua kama ni kizima au kimechoka.

Kitu kimoja kiliwafananisha wote watatu, nacho ndicho kilichonifanya niianze hadithi hii. Hakuna kati yao aliyekuwa na mtu wa kula naye.

Sasa yuko wa nne, Mzee Hemedi, na huyu hakujaliwa chochote cha ajabu. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, anakaa mjini peke yake. Mkewe, Mwamvita, alikuwa amefariki. Watoto wake walikuwa mbali na walipiga simu wakikumbuka. Alikuwa na pikapu kuukuu, ya zamani kiasi kwamba rangi yake ya kwanza ilibaki ndani ya milango tu, na kwa pikapu hiyo aliwapelekea wafugaji nyuki madumu matupu na kurudi na asali. Faida haikuwa kubwa. Aliendesha kwa sababu barabarani mtu ana haki ya kuwa peke yake, lakini nyumbani, mbele ya kiti cha mkewe, upweke ulimkaba.

Tena alikuwa ameshikwa na mafua makali mwaka ule wa msiba, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote. Zamani Mwamvita ndiye aliyekuwa akimwambia, maziwa yamechacha, shati hili livue. Sasa hapakuwa na wa kumwambia. Msikitini aliona siku hizi anayesimama kando yake katika safu humwachia nafasi, na baada ya swala watu humsalimia kwa mbali kidogo kisha wakashika njia. Hakumuuliza mtu. Aliamua tu moyoni kwamba watu wamemchoka, na uamuzi huo alitembea nao miezi mingi.

Basi siku moja ya Ramadhani, alasiri, Mzee Hemedi alifika kwenye geti la Yasini na madumu yake nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua, mwanangu. Nataka magharibi inikute nimeshavuka mlima."

Yasini hakufungua. Alilizunguka lile gari, akarudi dirishani amekunja uso.

"Mzee, gari lako linavuja petroli."

"Gari la petroli linanuka petroli. Ulitaka linuke udi?"

"Ile ya kwenye tangi naijua. Hii inadondokea kwenye chuma cha moto, inaungua. Wewe huisikii?"

Mzee Hemedi alijigusa pua. Kisha akasema, "Mimi sisikii harufu, mwanangu. Muda mrefu sasa."

Alikuwa ameona kweli kwamba mafuta yanaisha upesi, lakini alilaumu uzee wa gari. Wakafunua boneti. Injini ilikuwa kavu kabisa, na Mzee Hemedi akapata la kusema. "Unaona? Wapi hapo panapovuja?"

"Pamekauka kwa sababu pana moto," Yasini akajibu. "Mimi ufundi sijui. Lakini hapo mbele kuna mlima mrefu, na injini yako itachemka, na hayo mafuta yatawaka wewe ukiwa umekaa juu yake. Hasira zako nazipokea, mzee wangu, ila geti sifungui."

Na hakufungua. Mzee Hemedi alifoka kidogo, akaona haya kwa sababu ya saumu, akazima gari na kukaa juu ya jiwe.

Mzee Kazimoto alikuwa pale pale kivulini tangu asubuhi, akisubiri madumu yake. Alisogea, akatazama injini bila kugusa kitu. "Tuliache lipoe," akasema. "Sasa hivi kila tone linakufa kabla hatujaliona." Wakangoja. Injini ilipopoa wakaliwasha gari kidogo, na kweli, chini ya pampu ya mafuta pakaanza kulowa. Yasini na Mzee Hemedi wakasema kwa pamoja kwamba pampu imepasuka, na pampu ya gari la umri ule utaipata wapi.

"Hapo panalowa tu," Mzee Kazimoto akasema. "Silo shina lake."

Aliinama akatulia, hakupepesa. Wenzake walitazama ule unyevu, yeye akatazama tone moja, akalirudisha nyuma lilikotoka. Lilikuwa limening'inia chini ya pampu, kabla ya hapo lilitambaa kwa chini ya bomba mahali ambapo jicho halifiki, na kabla ya hapo lilitoka kwenye mpira unaopeleka mafuta kwenye kabureta, ndani kabisa ya klipu inayoubana. Pale ndani ya klipu mpira ulikuwa umepasuka. Fundi wa mjini angeweza kuibadilisha pampu nzima, na tone likaendelea kudondoka juu ya bomba la moshi kama kawaida.

Kisha, kwa furaha ya kuliona, mzee wa watu akakosea. Alitoa bonge la nta mfukoni, akalifinyanga, akaziba pale palipopasuka. Wafuga nyuki wa kule huziba kila kitu kwa nta, mtungi, mzinga, hata jino lililotoboka, na tangu azaliwe hakuwahi kuona kitu kilichoikataa. Petroli iliikataa. Kabla hawajamaliza kupongezana nta ilikuwa imelegea kama uji na nyingine imeingia ndani ya bomba, na sasa gari halikuwaka tena.

"Basi nimeharibu," akasema, na alivyosema hivyo Mzee Hemedi alimwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe.

Bi Nyamizi alikuwa nyuma ya kibanda, kwenye kisima cha geti, maana siku hiyo aliitwa kutengeneza pampu ya maji, akaja na lori, baiskeli yake juu ya mzigo. Alikuja akijifuta mikono, akaubinya ule mpira huku na huku.

"Mpira ni mzima," akasema. "Ncha ndiyo imeoza. Na ni mrefu, unaweza kukatwa."

Akakata ile ncha kwa kisu, akafungua bomba lililozibwa na nta. "Haya, mmoja apulize."

Wanaume watatu wakatazamana. Wote walikuwa wamefunga, na kutia mdomo kwenye bomba la petroli ni kuitia saumu mashakani.

"Mnatazamana kama mmeulizwa nani kala nyama," Bi Nyamizi akasema. "Na mimi nimefunga vilevile." Akaenda kwenye baiskeli yake, akaleta pampu ya upepo, akaisukuma mpaka nta yote ikaruka nje. Akaurudisha mpira mahali pake, akauzungushia waya mwembamba, akaukaza kwa koleo polepole, akibinya na kukaza, akibinya na kukaza, ili waya ushike lakini usikate. Klipu ya zamani akaitupa, kwa kuwa ndiyo iliyoula mpira.

Gari likawaka. Bi Nyamizi akaweka kiganja chini ya kiungo, kikabaki kikavu. Mzee Kazimoto akatazama kwa muda mrefu, hakuona tone. Yasini akazunguka, mikono nyuma, akasema, "Hainuki." Hapo ndipo Mzee Hemedi alipoamini.

Angalieni vizuri. Bila pua, mzee angeungulia mlimani. Bila macho, wangejua kuna ugonjwa wasijue uliko. Bila mikono, wangeujua ugonjwa na kukaa nao pale geti mpaka leo. Nimejaribu kumpunguza mmoja kila mara, na kila mara gari linawaka moto.

Jua likazama. Wakafuturu wote wanne pale kibandani, uji, mihogo, na asali ya Mzee Kazimoto. Yasini, ambaye pua yake haikujua adabu, alisema, "Mzee, hata kanzu yako inanuka petroli. Imeingia mpaka ndani ya nyuzi. Watu wa kwenu hawakukuambia?"

Mzee Hemedi akaweka chini kikombe. Akaiona ile nafasi katika safu msikitini, na salamu za mbali, na miezi yote ile. Kumbe watu hawakumchoka, walikuwa wakiikwepa harufu na kuona haya kumwambia mtu mzima. Alicheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka, na wenzake wakajifanya wanatafuna.

Alipotoa mkoba kutaka kuwalipa, wote watatu walikataa. Mwenye safari hatozwi, walisema, na yeye asingeweza kuwabishia watu waliomtoa kwenye moto.

Akapanda garini. Aliahidi kuwapa lifti Mzee Kazimoto na Bi Nyamizi pamoja na baiskeli yake. Walipokuwa wakipakia, Yasini alimfuata dirishani.

"Kama unataka kunilipa," akasema kwa sauti ya chini, "Idi uje ule kwangu. Mwenzangu alihamishwa na hakuletwa mwingine. Watu wa nyumbani wako Ujiji, na geti siwezi kuliacha. Kazi yangu ni kuwafungulia watu waende zao. Wote wananiaga, mzee. Hakuna anayekaa."

Mzee Hemedi hakukumbuka mara ya mwisho kualikwa. "Nitakuja," akasema. "Idi yako ni ipi?"

"Ya redio. Wakitangaza, ndiyo hiyo."

Mbele kidogo, baada ya mlima, kuna njia panda. Mzee Kazimoto aliteremkia hapo, alale kwenye kibanda cha warina asali, alfajiri aanze kutembea, maana kwake ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Alishusha madumu yake. Akamvuta Mzee Hemedi pembeni.

"Mwenzangu, sijui kualika watu, nimekaa na nyuki mno. Wenzangu wengine wamekufa, wengine wamekimbilia mashamba ya tumbaku. Idi iliyopita nilipika, nikapakua sahani mbili bila kujijua. Ile ya pili niliitazama siku nzima. Njoo uile."

Mzee Hemedi alitaka kusema kwamba ameshaalikwa, akaifikiria ile sahani ya pili. Badala yake akauliza, "Wewe unafuata redio?"

"Redio ina macho? Mimi Idi yangu ni pale nitakapouona mwezi mwenyewe. Mara nyingi miti na mawingu hunichelewesha siku moja."

Hapo Mzee Hemedi akapata wazo. Ya Yasini siku ya redio, ya huyu siku inayofuata. "Nitakuja," akasema.

Usiku ulikuwa umekwenda sana walipofika kwa Bi Nyamizi. Mlangoni kulikuwa na taa, na jirani aliyekuwa akimwangalia mama yake alitoka akaaga. Ndani, bibi mzee alikaa kitandani, akamwangalia Bi Nyamizi na kumwuliza, "Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mama." Akamgeukia Mzee Hemedi pale kizingitini. "Umeona? Mimi niko na mama, lakini mama hayuko na mimi. Siwezi kutoka ila kwa kazi, na nikikaa, nazungumza na ukuta. Idi uje ule hapa, baba. Uniambie tu chakula kimekolea au hakikukolea."

Nyie mnaotabasamu pale nyuma nawaona. Hapakuwa na habari ya posa. Palikuwa na mtu mmoja anayetaka kuambiwa kama chakula kimekolea.

"Huku kwenu mnafuata mwezi upi?" Mzee Hemedi akauliza.

"Sisi tunakula na Makka. Kila mwaka tunawatangulia wengine siku moja."

Mzee Hemedi nusura amkumbatie. Siku moja mbele kwa Bi Nyamizi, inayofuata kwa Yasini, ya tatu kwa Mzee Kazimoto. Mtu aliyekaa miaka bila Idi hata moja, mwaka huu angekula Idi tatu, na kila mwenyeji angekuwa na mgeni katika siku yake mwenyewe. "Nitakuja," akasema kwa mara ya tatu, na nawaapia hakuwa akimdanganya yeyote.

Alirudi mjini mtu mwingine. Aliifua kanzu kwa ndimu na kuianika mpaka jirani akauliza kama ana harusi. Ijumaa alisimama katika safu, na bega la mtu wa kando likagusa bega lake likabaki hapo, na Mzee Hemedi hakusikia hotuba yote kwa ajili ya bega lile. Alinunua zawadi, udi kwa Yasini, tochi kwa Mzee Kazimoto, na koleo jipya kwa Bi Nyamizi. Kila jioni aliwasha gari na kutazama chini ya ule waya. Palikuwa pakavu.

Mwisho wa mwezi ukafika. Wale wanaofuata Makka walikuwa wameanza kufunga siku moja kabla ya wengine, kama kawaida yao. Jioni waliyotegemea mwezi, ya ishirini na tisa, haukuonekana huko Makka. Ikawabidi watimize thelathini. Mzee Hemedi akasema si neno, tungoje. Jioni ya pili alikaa barazani na redio mapajani. Redio ikatangaza kwamba mwezi umeonekana, nchi nzima, kesho ni Idi. Wa Makka nao walikuwa wametimiza thelathini zao, kesho ni Idi. Alibakiwa na tumaini moja, mawingu. Akainuka, akatoka uani, akatazama magharibi.

Anga lilikuwa jeupe, halina hata doa. Mwezi ulikaa pale mwembamba, wazi, hata mwenye macho mabovu angeuona, sembuse Mzee Kazimoto. Watoto wa mtaani walikuwa wakikimbia na kupiga makopo. Majirani walipeana mikono. Mzee Hemedi peke yake alikuwa ameukasirikia mwezi wa Idi, na alijua ni aibu kuukasirikia, na machozi yakamtoka.

Sasa najua mnachotaka kusema. Mtasema awakusanye mahali pamoja. Yasini hawezi kuacha geti, Bi Nyamizi hawezi kumwacha mama siku ambayo jirani naye ana Idi yake, wala kumbeba, na Mzee Kazimoto hakuna njia ya kumjulisha aanze kutembea. Mtasema awapigie simu. Mtandao unaishia nje ya mji. Mtasema aonje kidogo kila mahali. Kufika geti ni adhuhuri, kwa Bi Nyamizi ni usiku, na kwa Mzee Kazimoto gari linaachwa njia panda na mtu anatembea mpaka jua linazama. Yuko mjuaji mmoja husema, si kuna Idi pili? Ipo, bwana. Lakini mtu akishakaa na sahani mbili Idi mosi mpaka chakula kikapoa, hiyo Idi pili utamkuta anakula kiporo, na utakachokuwa umemletea ni samahani.

Niliposimulia Urambo, mama mmoja alisema aende kwa Yasini, kwa sababu ndiye wa kwanza kumzuia asife na wa kwanza kumwalika. Mwanawe akambishia pale pale. Mzee Kazimoto, akasema, ndiye aliyefanya kazi na kukosea na kuona haya, na ndiye asiyeona mtu kabisa, wengine angalau wanaona magari. Fundi cherehani akasema wote hao walijua tu ugonjwa, aliyeponya ni Bi Nyamizi, na tena upweke wa mtu aliye na mamaye chumbani ni mbaya kuliko wa mtu aliye msituni. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Niliwaacha wanabishana.

Asubuhi ya Idi Mzee Hemedi aliswali, akapokea mikono ya watu, akaingia garini na zawadi zote tatu. Njia ni moja, akajiambia, na geti liko mbali, kabla ya kufika nitakuwa nimeamua. Msitu ukampokea. Pikapu ilikwenda vizuri, haikuvuja tone. Mara aliamua geti. Mara aliziona sahani mbili. Mara alimsikia yule bibi kitandani akiuliza wewe ni nani. Alitamani kiungo kilegee, gari lizime, asifike popote, na papo hapo akaomba msamaha kwa kutamani hivyo, maana watu watatu walikuwa wamelipigania lisizime.

Adhuhuri akaliona geti. Yasini alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Jamvi lilikuwa limetandikwa kivulini, birika na bilauri mbili juu yake, na sufuria ya wali imefunikwa na makaa juu ya kifuniko. Mti wa geti ulikuwa chini umefungwa. Na Mzee Hemedi akatambua jambo ambalo njia nzima hakulifikiria. Kwa Mzee Kazimoto na kwa Bi Nyamizi hakuna njia nyingine. Akitaka kwenda kwao, itabidi amwombe Yasini, kwa kinywa chake, amfungulie apite.

Mbali ndani ya msitu, mzee mmoja alikuwa amepakua sahani mbili, na safari hii kwa makusudi. Mbali zaidi, mwanamke mmoja alikuwa akionja mchuzi na kujiuliza kama umekolea. Yasini akaja mpaka dirishani anacheka, mkono mmoja ameshauweka kwenye mlango ili amfungulie mgeni wake. Akasubiri. Kicheko kikaanza kupungua usoni.

"Idi njema, mzee wangu," akasema. "Mbona huzimi gari?"

Mguu wa Mzee Hemedi uko juu ya klachi, na wote watatu wana njaa. Je, wewe ungeamua vipi?